Mashine ya mzee wa kahawa na shanga za Mbuyuni

Jumamosi iliyopita tulifungua tena ukumbi wa parokia hapa Moshi kwa ajili ya watoto na mashine za zamani. Walikuja wanafunzi wangu na wadogo zao, wakaja wa shule za jirani waliosikia kwa wenzao, na nyuma yao wazazi waliosema wanasindikiza tu, halafu wakakaa mpaka tunafunga. Mezani tulipanga tulivyonavyo: sipiyu za Pentium, monita za kichogo, flopi, taipureta, na mashine moja ya hesabu ya chuma ambayo mwenyewe haiachi mbali na mkono wake.

Mimi nafundisha kompyuta sekondari. Watoto wanalipenda somo, ila kuna pengo ambalo kitabu peke yake hakizibi. Mtoto wa kidato cha pili anaandika daftarini vizazi vya kompyuta: cha kwanza vali, cha pili transista, cha tatu saketi zilizounganishwa. Anakariri, anajibu mtihani, anapata alama zake. Muulize transista ilimpunguzia nani kazi gani, ananyamaza. Na mtoto aliyekariri namna hiyo anaamini moyoni kwamba kompyuta ilibuniwa na watu wa aina nyingine kabisa, na kwamba yeye fungu lake ni kubonyeza. Hilo linaniuma kuliko alama za mtihani.

Wazo la Jumamosi hizi nimelipata kwa kufuatilia makumbusho ya kompyuta ya nje. Mountain View, jimbo la California, kuna Computer History Museum. Wana kompyuta za IBM 1401, aina iliyotangazwa mwaka 1959, ambazo wamezifufua na zinafanya kazi. Kuna siku zilizopangwa za kuziwasha mbele ya wageni, na wanaoziwasha ni wazee wa kujitolea, mainjinia wastaafu, wengine wao walizishika mashine za aina hiyo walipokuwa vijana. Mgeni anatobolewa kadi yenye jina lake, zile kadi za karatasi ambazo mashine ilisoma matundu yake, na kuondoka nayo. Uingereza nako, kwenye eneo la Bletchley Park, kuna National Museum of Computing. Humo wana darasa lililojaa kompyuta za BBC Micro za mwaka 1981, na watoto wa shule wanakaa mbele yake kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo BASIC kama walivyokuwa wakiandika watoto wa wakati ule.

Nilipotazama video zao nilivutwa na wale wazee kuliko mashine. Mtoto anauliza, mzee anajibu kwa mikono. Anakwambia hapa ndipo kadi ilikuwa inakwama, hapa ndipo tulikuwa tunaweka kikombe cha kahawa na bosi anakasirika. Nikajiuliza: sisi Moshi tuna nani? Nikaona tunao wengi. Huu ni mji wa ushirika, wa mnada wa kahawa, wa reli, wa chuo cha ushirika, wa hospitali kubwa. Kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kufika, mji huu uliishi kwa mahesabu, na waliokuwa wakiyafanya bado wako mitaani, Rau, Majengo, Soweto, Pasua. Wanastaafu, wanafuga kuku, na hakuna anayewauliza.

Mwenye ile mashine ya chuma ni mmoja wao. Alikuwa karani wa hesabu kwenye ushirika wa kahawa. Watoto walimpokea kwa shikamoo Babu kutoka pande zote za ukumbi, naye akaitikia marahaba wajukuu zangu mpaka sauti ikamkauka. Mashine yenyewe ni Odhner, ya kutoka Uswidi. Jina ni la Willgodt Odhner, Mswidi aliyeanza kuzitengeneza kwa wingi St. Petersburg, Urusi, mwaka 1890. Baada ya mapinduzi ya 1917 kazi hiyo ikahamia Göteborg, kwao Uswidi. Haina waya wala betri. Ina vipini vidogo juu vya kupangia tarakimu, mkono wa kuzungusha upande wa kulia, na chini kuna sehemu inayosogea kushoto na kulia ambako jibu linasomeka.

Mzee alianza na kahawa, kwa sababu hawezi kuanza na kitu kingine. Mkulima analeta kahawa yake chama cha msingi, inapimwa, anaandikiwa kilo, anachukua malipo ya kwanza. Kahawa ikishauzwa yanakuja malipo ya pili, na hapo ndipo karani alipokuwa anatoka jasho: kila mkulima aliyemo daftarini, kilo zake mara bei, toa makato, andika, nenda kwa anayefuata. "Ukikosea senti hamsini," aliwaambia, "kesho mama wa watu yuko dirishani kabla hujafungua. Na ana haki."

Akaomba kilo na bei. Binti mmoja wa kidato cha kwanza akataja kilo 347, shilingi 26. Mzee akavuta vipini mpaka vikasimama kwenye 3, 4 na 7, akashika mkono wa mashine akazungusha mara sita. Kila mzunguko mmoja ni 347 nyingine imejumlishwa kule chini. Kisha akaisogeza ile sehemu ya chini hatua moja, akazungusha mara mbili. Akawaita wasome: 9,022. Kijana mmoja alikuwa tayari ameshatoa simu kuhakiki, akainua kichwa na kusema ni kweli. Lakini swali zuri liliulizwa na mdogo wake: mbona ni mara 26 na Babu amezungusha mara nane tu? Mzee akacheka kwa furaha, akamvuta karibu, akamwonyesha kwamba kusogea hatua moja ni kuzidisha kwa kumi, kwa hiyo mizunguko miwili ya mwisho ilikuwa ishirini. Nafasi ya tarakimu, ambayo mtoto huyo ameifundishwa ubaoni tangu shule ya msingi, aliiona ikisogea kwa sauti ya chuma.

Halafu akagawanya: 750 kwa 6. Hili ningependa kila mwalimu wa kompyuta alione. Kugawanya kwenye Odhner ni kutoa mfululizo, na kutoa ni kuzungusha mkono kinyume. Akaipanga 6 chini ya ile 7, akazungusha kinyume mara moja, ikabaki 1. Akazungusha tena, kengele ikalia ndani ya mashine. Akarudisha mzunguko mmoja mbele, akasogeza hatua moja. Sasa ni 15: mara moja, mara mbili, ya tatu kengele. Akarudisha, akasogeza. Sasa ni 30: mara tano, ya sita kengele. Akarudisha. Kwenye kihesabio cha mizunguko pakasomeka 125.

"Babu, kwa nini ulikuwa unarudisha?"

"Kwa sababu nimepitiliza. Kengele imeniambia nimetoa ambacho sina."

Nyuma nikasikia sauti ya mwanafunzi wangu wa klabu ya Jumatano: "Madam, si ndiyo ile while ya Python?" Ndiyo yenyewe, amri ya kurudia katika Python, lugha ya kuandikia programu. Rudia kutoa maadamu kengele haijalia; ikilia, rudisha kimoja, sogea. Nimelifundisha jambo hilo kwa chaki na kwa projekta kwa miaka, na sijawahi kuona uso wa mtoto ukifunguka kama ulivyofunguka pale. Nikaandika hatua hizo ubaoni kwa Kiswahili, watoto wakapanga foleni, kila mmoja akagawanya namba aliyoitaka mwenyewe. Waliokaribia kengele walikuwa wanafumba macho.

Mtoto mmoja aliuliza swali ambalo hata wakubwa wanalo: kama nje kompyuta zilikuwepo, huku kwetu zilikuwa wapi? Zilikuwepo. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilikuwa ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Zikafuata nyingine chache, na mwaka 1974 Serikali ikazuia kuingiza kompyuta nchini, zuio lililodumu kwa miaka. Mzee anasema wao walisikia tu kwamba ipo mashine ya Hazina Dar es Salaam, kubwa, yenye chumba chake. Huku Kilimanjaro walizungusha mkono. Nawaambia wanafunzi wasione aibu katika habari hiyo. Makarani wale waliwalipa wakulima wa mlima mzima kwa mashine zisizo na umeme, na kahawa ikasomesha watoto wa Kichaga ambao leo ndio babu na bibi zao.

Nikawasimulia kisa cha Harwell, kituo cha utafiti wa nyuklia cha Uingereza. Mwaka 1951 walikuwa na kompyuta ya mirija ya kuhesabia, polepole mno kwa macho ya leo, kuzidisha mara moja tu kulichukua sekunde kadhaa. Siku moja mwanahesabu wao, Bart Fossey, akakaa pembeni yake na mashine ya mkono kama hii ya Mzee, wakashindana. Alikwenda nayo sawa kwa karibu nusu saa, halafu akaacha, amechoka, nayo ikaendelea. Kompyuta hiyo ipo mpaka leo. Iliwashwa tena mwaka 2012 pale Bletchley Park, na ndiyo kompyuta kongwe ya kidijitali inayofanya kazi ikiwa na viungo vyake vya asili.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba wiki nzima. "Mkono hauchoki upesi. Kinachochoka ni jicho, kusoma jibu kwenye mashine na kulinakili daftarini, halafu kulirudisha tena kwenye mashine." Yaani kikwazo hakikuwa kujumlisha. Kikwazo kilikuwa mahali pa kuweka namba katikati ya hesabu. Ile ya Harwell ilikuwa na mahali hapo, Fossey alikuwa na karatasi. Nimesoma vitabu vingi vya kompyuta na sikumbuki kilichonieleza umuhimu wa kumbukumbu ya mashine kwa ufupi kama huo.

Ndiyo maana baada ya chai tulihamia kwenye shanga.

Kompyuta kama IBM 1401 zilihifadhi namba kwenye vipete vidogo sana vya sumaku, vilivyopitishwa nyaya kwa safu na mistari. Kila kipete kilishika biti moja, sumaku ikielekea huku ni 1, ikielekea kule ni 0. Uzuri wake ni kwamba waya mmoja peke yake hauna nguvu ya kutosha kukigeuza kipete. Wa safu na wa mstari lazima zipitishe umeme kwa pamoja, na kipete kilichoko kwenye njia panda yao ndicho kinachogeuka, majirani wote wanabaki walivyo. Kukisoma kulikuwa ni kukifuta, kwa hiyo mashine ilisoma na papo hapo ikaandika upya. Vitu hivi vilisukwa kwa mikono, na mara nyingi mikono ilikuwa ya wanawake. Programu ya kompyuta iliyoongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini ilisukwa hivyo hivyo kiwandani Waltham, Massachusetts: waya ukipita ndani ya kipete ni 1, ukipita nje ni 0. Kosa la kusuka lilikuwa kosa la programu.

Vipete hivyo hatuna. Shanga tunazo. Nilinunua nyeupe na nyekundu soko la Mbuyuni, fundi seremala akatukatia fremu za mbao zenye misumari, na mama mmoja anayesuka shanga za kuwauzia watalii akakubali kuja kusaidia. Nyeupe ni 0, nyekundu ni 1, kila mstari shanga nane za herufi moja, kwa utaratibu wa ASCII unaoipa kila herufi namba yake, ule uliopitishwa mwaka 1963 na ambao bado umo ndani ya simu zenu. A ni 65, B ni 66, na kuendelea, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwa 0 na 1. Watoto walipewa jedwali na kuambiwa wasuke neno lolote, kisha wabadilishane fremu na kusoma neno la mwenzao.

Mama wa shanga ndiye aliyeshika ukumbi. Alikuwa anapita nyuma ya watoto akiwanyoosha uzi, akiwafundisha kuhesabu kwa kidole gumba ili wasipoteze mstari, na alipoelewa habari ya Waltham akasimama na fremu mkononi: "Kwa hiyo kina mama walisuka, na watu wakafika mwezini?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema kingine. Alirudi kwa watoto na tangu hapo akawa mkali kuliko mimi, shanga ikikaa vibaya anairudisha mpaka mwanzo wa mstari.

Lakini moja ilimponyoka. Kundi la wavulana lilisuka MOSHI. Kundi la wasichana likasoma, likatangaza kwa sauti: MOQHI. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Tukaichukua fremu, tukasoma pamoja. M ni 01001101, sawa. O ni 01001111, sawa. Mstari wa tatu ulitakiwa uwe 01010011, ambayo ni 83, herufi S, lakini shanga ya pili kutoka mwisho ilikuwa nyeupe badala ya nyekundu. Ikawa 81, na 81 ni Q. Shanga moja tu, na mji wetu umebadilika jina.

Nikauliza: kama hatujui neno lenyewe, tungegunduaje kuna kosa? Hapo palichukua muda, na niliuacha muda upite. Jibu lilitoka kwa msichana wa kidato cha tatu ambaye darasani hunyoosha mkono kwa nadra. Alisema tuongeze shanga ya tisa kila mstari, tuiweke nyekundu au nyeupe ili jumla ya nyekundu iwe shufwa siku zote. S ina nyekundu nne, basi ya tisa ni nyeupe. Akija mtu akakuta tatu, anajua mstari huo una kosa hata kama hajui ni herufi gani. Hakuwa amelisoma popote, nilimuuliza. Nikamweleza kwamba IBM 1401 ilikuwa na biti ya ukaguzi ya namna hiyo kwa kila herufi iliyomo kwenye kumbukumbu yake, isipokuwa wao walihesabu kwa witiri. Na Mzee akadakia kutoka kwenye kiti chake: hata makarani walikuwa na jumla ya pembeni na jumla ya chini, zisipokutana mtu hatoki ofisini.

Sehemu nyingine za siku nitazipitia haraka. Sipiyu zilifunguliwa, watoto wakachomoa ramu na kuirudisha. Monita za kichogo hatufungui na hatutafungua, zinaweza kubaki na umeme mkali ndani hata zikiwa zimechomolewa muda mrefu. Flopi moja inabeba megabaiti 1.44, kwa hiyo picha moja ya simu ya kawaida ingehitaji flopi mbili tatu, jambo lililowashangaza watoto kuliko nilivyotarajia.

Sasa kuhusu jengo la makumbusho. Kila tukikutana na viongozi au wafadhili tunaambiwa tutafute jengo kwanza, wanatolea mfano Arusha wenye Boma la Wajerumani na Makumbusho ya Azimio. Ninayapenda makumbusho yale na ninawapeleka wanafunzi kila nikipata basi. Ila kwa jambo letu hili ninapinga mpangilio huo. Jengo linaweza kusubiri. Mzee hawezi. Taipisti aliyechapa stensili za ofisi ya mkoa, karani wa stesheni aliyepiga tarehe kwenye tiketi za garimoshi, nesi aliyepanga mafaili ya wagonjwa kabla ya kompyuta, hao wana miaka sabini na themanini. Tukingoja paa, tutaweka chini yake mashine zisizo na wa kuzieleza.

Kwa hiyo programu tuliyoianza sasa ni ya mahojiano. Kila mwanafunzi wa klabu anachagua mzee mmoja wa ukoo wake au wa mtaa wake, anaomba ruhusa, anamrekodi kwa simu akijibu maswali machache: kazini ulihesabu kwa kutumia nini, ukikosea ulijuaje, nani alikufundisha, ni lini uliona kompyuta mara ya kwanza. Majibu yameanza kuja na ni mazuri mno. Kijana mmoja aligundua kwamba bibi yake, ambaye alimjua kama mwuza ndizi wa Kiboriloni, aliwahi kutunza hesabu za kikundi cha maziwa kwa mafundo ya kamba kwa sababu wenzake hawakujua kusoma. Ameileta kamba. Tumeipa meza yake karibu na Odhner.

Ombi langu kwa ofisi za hapa mjini na kwa mafundi wenzangu: mkisafisha stoo, kabla hamjawaita watu wa vyuma chakavu, niiteni mimi au mwalimu yeyote wa kompyuta aliye karibu nanyi. Hata iliyokufa inafaa. Na karatasi pia, tafadhali, vitabu vya maelekezo, daftari za hesabu zilizojaa, picha za ofisi zenye watu kwenye madawati.

Tunachokitafuta hasa kwa sasa ni kadi za kutoboa, na zaidi ya kadi, mtu aliyewahi kukaa mbele ya mashine ya kuzitoboa, awe alifanyia kazi hiyo Dar, Nairobi au kokote. Kama ni mama yako au mjomba wako, nauli yake tutachanga.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni zamu ya kina mama mataipisti. Ukumbi unafunguliwa saa tatu asubuhi. Taipureta zimepata utepe mpya, na kila mtoto atachapa barua moja kwa mtu aliye hai, bahasha tunatoa sisi.